Saa ya mezani ni ya nani?

Haya ndiyo niliyozungumza Jumamosi asubuhi kwenye kikao cha makapteni wa ligi yetu ya mpira wa kikapu, wiki mbili kabla ya msimu kuanza. Wengi hamkuweza kufika, mkaomba niyaandike. Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni.

Ndugu zangu makapteni, makocha, waamuzi wetu, na ninyi mnaokaa mezani juani kila wikiendi, mkiandika alama na kushika muda, bila hata soda. Wazee wetu mliotutangulia uwanjani na bado mnafunga raba mnaingia: shikamooni. Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Itifaki nyingine naomba ihesabike imezingatiwa.

Mwenyekiti ameniomba nizungumze kuhusu saa ya mchezo. Nimekubali haraka, kwa sababu nina deni nanyi juu ya jambo hili na ningependa kuanza kulilipa leo.

Mnaikumbuka nusu fainali ya msimu uliopita? Mimi ndiye niliyekuwa nimeshika muda. Simu yangu ilikuwa juu ya daftari la alama, nimeiegemeza kwenye chupa ya maji ili jua lisipige kioo. Matokeo 47 kwa 46. Zimebaki sekunde tisa. Timu iliyo nyuma inaingiza mpira kutoka pembeni, hatua tatu kutoka nilipokaa. Mwamuzi akamkabidhi kijana mpira, na mimi, kidole kikiwa tayari, nikabonyeza.

Nilibonyeza mapema. Yule kijana akasimama nje ya mstari akitafuta wa kumpa. Mkono wa mwamuzi unahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Mpira ukatoka, ukavuka hadi upande wa pili. Alipougusa mtu wa kwanza ndani ya uwanja, simu yangu ilikuwa inasoma nne. Kapteni wao alikuwa amewaambia wenzake kwenye taimauti, yale mapumziko mafupi ambayo timu huyaomba, nilimsikia kwa masikio yangu: "Tuna tisa, tusikurupuke, pasi mbili ndipo tunarusha." Wakapiga pasi mbili. Filimbi yangu ikalia mpira ukiwa bado kiganjani mwa mrushaji.

Hakugomba. Alikuja mezani, jasho linamdondoka juu ya daftari, akaitazama simu, akaniuliza taratibu: "Dada, zile tisa zimekwenda wapi?"

Siku ile sikuwa na jibu. Leo ninalo. Sekunde tano zilikufa mpira ukiwa nje ya mstari, mahali ambapo saa haina ruhusa ya kutembea.

Basi niwaulize, makapteni: saa inaanza lini? Inaanza mwamuzi anapokukabidhi mpira? Hapana. Inaanza mpira unapouacha mkono wako? Hapana. Kanuni za FIBA, shirikisho la mpira wa kikapu duniani, zinasema mpira ukiingizwa kutoka nje, saa inaanza pale unapomgusa au kuguswa na mchezaji aliye ndani ya uwanja. Kwenye mpira wa kurukiwa katikati, inaanza mrukaji anapoupiga kihalali. Mtupo huru wa mwisho ukikosa na mchezo ukaendelea, inaanza mtu anapougusa ule mpira unaodunda kutoka kwenye chuma. Kuguswa, ndugu zangu. Kuguswa, kuguswa, kuguswa. Mwenye saa hatazami mkono wa anayetoa. Anatazama mkono wa anayepokea.

Nimekaa mezani misimu minne, na hakuna aliyenifundisha neno hilo. Niliitwa tu: "Dada, wewe una simu yenye chaji, njoo ukae hapa." Ndivyo tunavyochagua mtunza muda wetu. Tunamtafuta mwenye chaji. Halafu simu ikipigwa katikati ya robo ya nne, jina la mama mkubwa likafunika namba, tunashangaa kelele zinatoka wapi.

Msidhani ni sisi wa uwanja wa simenti pekee. Nendeni mwaka 1972, jijini Munich, fainali ya Olimpiki, Marekani na Muungano wa Kisovieti. Tangu mpira wa kikapu uingie Olimpiki mwaka 1936, Marekani ilikuwa haijapoteza mchezo hata mmoja. Zimebaki sekunde tatu, Doug Collins anapiga mitupo huru miwili, yote inaingia, Marekani inaongoza 50 kwa 49. Wasovieti wanaingiza mpira, na papo hapo mezani kunachafuka: benchi lao linadai liliomba taimauti na meza haikuwapa. Mchezo unasimamishwa imebaki sekunde moja. Anashuka katibu mkuu wa FIBA mwenyewe, William Jones, anaagiza saa irudishwe kwenye sekunde tatu. Mpira unaingizwa tena, lakini saa ilikuwa bado haijamaliza kupangwa! Honi inalia, Wamarekani wanakumbatiana wakijua wameshinda. Wanaambiwa hapana, rudini. Mara ya tatu, Ivan Edeshko anaurusha mpira kutoka mwisho wa uwanja hadi mwisho wa pili, Alexander Belov anaudaka chini ya kikapu, anaweka. 51 kwa 50. Wamarekani walikataa medali zao za fedha. Mwamuzi mmoja, Mbrazili Renato Righetto, alikataa kutia saini karatasi ya matokeo.

Zaidi ya miaka 50 imepita na watu bado wanabishana. Wanabishana kuhusu kikapu cha Belov? Kikapu kiliingia, kila mtu alikiona. Wanabishana kuhusu meza. Nani aliomba taimauti, nani alisikia, nani alikuwa na mamlaka ya kugusa saa.

Na sisi? Kwetu nani anagusa saa? Msimu uliopita nimeona kocha akija mezani akaishika simu mwenyewe na kuirudisha nyuma. Nimeona shabiki akisimama nyuma ya mtunza muda akimhesabia sekunde sikioni. Na mara ngapi mtunza muda ametoka kwenye timu moja kati ya mbili zinazocheza? Simtuhumu mtu wizi. Lakini wahenga walishasema, mwamba ngoma huvutia kwake. Mkiongoza kwa pointi moja na mwenzenu ndiye ameshika saa, kidole chake kitakuwa chepesi kuanzisha na kizito kusimamisha, na yeye mwenyewe hatajua.

Kwa hiyo ninachokiomba hapa ni kikubwa kuliko vyote nitakavyosema leo. Meza ikaliwe na timu ya tatu, ile isiyocheza saa hiyo. Watu watatu: wa daftari, wa muda, na mmoja wa kusaidia. Saa ikikosewa, anayeamua ni mwamuzi wa uwanjani, akiwauliza hao watatu na si mwingine. Kapteni akiwa na hoja, aende kwa mwamuzi, kwa adabu, mpira ukiwa umesimama. Kocha akigusa kifaa cha mezani, hiyo iwe faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu, bila mjadala. Waamuzi, mnanisikia? Bila mjadala.

Sasa nije kwenye lile lililoleta maneno kwenye kikao cha mwezi uliopita: saa isimame kila filimbi, au itembee tu?

Nawaelewa wanaotaka isimame. Tumetazama BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, tangu ilipoanza Kigali mwaka 2021, tunaona kila filimbi saa inaganda, na sisi tunataka mchezo wa kweli. Ni haki yenu kutamani hivyo. Lakini tupige hesabu pamoja, kwa vidole. Mchezo wa FIBA una robo nne za dakika 10. Hiyo 40. Mapumziko ya katikati ni dakika 15, na kati ya robo na robo dakika mbili mbili, jumla 19. Kila timu ina taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili, dakika moja kila moja; timu zote mbili zikizitumia ni dakika 10. Tumefika 69, na bado sijahesabu faulo hata moja, bado mpira haujatoka nje, bado mtu hajaumia kifundo. Ndiyo maana mchezo kamili unakula saa moja na nusu na kuendelea.

Sisi uwanja tunaupata saa tisa alasiri. Taa hakuna. Mwezi wa sita hapa Dar es Salaam jua linazama kama saa kumi na mbili na robo. Msikiti uko ng'ambo ya barabara, na tulikubaliana na wazee wa mtaa kwamba adhana ya Magharibi ikisomwa, filimbi zetu zimenyamaza. Tuna timu sita, michezo mitatu. Mchezo wa tatu utachezwa saa ngapi? Nani kati yenu yuko tayari kuwa timu ya mchezo huo wa tatu?

Niliwahi kuiona timu ya mchezo wa tatu. Kuna kijana, sitamtaja, anatoka Mbagala kwa daladala mbili. Anafika saa tisa, anakaa anasubiri zamu yao. Mchezo wa kwanza ulichelewa kuanza dakika 25 kwa sababu timu moja ilikuwa na watu wanne, wanamsubiri wa tano yuko foleni. Wa pili ukasogea. Wao walipoingia, tukawaambia wacheze robo mbili tu, giza linakuja. Kocha wake, katika robo mbili, afanye nini? Akachezesha watano wake wazuri. Yule kijana alivaa jezi, akafunga kamba za viatu, akazifungua, akarudi Mbagala. Wiki iliyofuata hakuja. Nilimpigia, akasema ana kazi. Labda alikuwa na kazi kweli.

Ile dakika uliyoichelewesha wewe unayecheza mchezo wa kwanza, inakatwa kwa nani? Haikatwi kwako. Wewe umecheza robo zako nne. Inakatwa kwa mtu aliyekaa mwisho wa benchi la timu ya sita.

Kwa sababu hiyo nasimama upande wa saa inayotembea, na nasimama wazi. Robo nne za dakika 10, saa haisimami, isipokuwa kwa taimauti, kwa aliyeumia, na pale mwamuzi anapoashiria. Mapumziko ya katikati dakika tano, robo hadi robo dakika moja, taimauti mbili kwa kila timu mchezo mzima. Jumlisheni: 40, na tano, na mbili, na nne. Ni 51. Zinabaki dakika tisa kwenye saa yetu moja ya ratiba. Hizo tisa tunazitunza kwa ajili ya dakika mbili za mwisho za robo ya nne. Hapo saa isimame kila filimbi, na kama FIBA wenyewe wanavyofanya kwenye dakika mbili hizo, isimame hata kikapu kikiingia. Tofauti ikiwa zaidi ya pointi 15, iendelee kutembea, twende nyumbani.

Na ratiba ikisema saa tisa, basi ni saa tisa. FIBA wanaipa timu isiyo na watu watano dakika 15, baada ya hapo imepoteza mchezo, 20 kwa bila. Sisi hatuna dakika 15 za kumpa mtu. Dakika tano zikipita, mtunza muda aanzishe robo ya kwanza, hata kama uwanjani kuna timu moja na kunguru. Anayekuja, atakuta kilichobaki.

Najua mnachowaza. Saa ikitembea, si wajanja watailalia? Watailalia. Tumeshawaona. Timu inaongoza kwa nne, mpira unatoka unaangukia mtaroni nyuma ya goli la kaskazini, na mtu anautembelea kama anakwenda kuchota maji. Siku moja niliipima safari hiyo: sekunde 35. Mwingine anainama kufunga kamba ambazo hazikufunguka. Dawa ni nyepesi. Mpira wa pili ukae mezani, mwamuzi apewe huo huo mara moja. Na akiona mtu anavuta muda kwa makusudi, ainue kiganja wazi juu, saa isimame, hata kama ni robo ya kwanza. Ishara hiyo ya mkono tuijue sote.

Ipo njia nyingine ya kuilalia saa, nayo ni ngumu zaidi kuitibu: kuushika mpira bila kurusha. Hatuna ubao wa sekunde 24, ule unaoihesabia timu muda wa kurusha tangu ipate mpira, na hatutakuwa nao msimu huu, tumeuliza bei. Lakini tujue ubao ule ulizaliwa kwa ajili gani. Tarehe 22 Novemba 1950 huko Marekani, Fort Wayne Pistons waliwafunga Minneapolis Lakers 19 kwa 18. Mchezo mzima wa NBA, ligi kuu ya Marekani, dakika 48, timu zote mbili pointi 37! Pistons waliona Lakers wana nguvu kuliko wao, wakaushika mpira, wakakataa kurusha, watu waliolipa viingilio wakakaa wanatazama watu wamesimama. Miaka minne baadaye, mwenye timu ya Syracuse, Danny Biasone, akachukua kalamu. Akaona mchezo mzuri una mitupo kama 60 kwa kila timu, 120 kwa wote. Dakika 48 ni sekunde 2,880. Gawanya kwa 120. Ni 24. Basi, namba inayoogopwa dunia nzima ilitoka kwenye hesabu ya darasa la tano. FIBA waliendelea na sekunde 30 tangu 1956, wakahamia 24 mwaka 2000.

Kijana mmoja hapa aliniambia, tutumie zile 24 mchezo mzima kwa kuhesabu kwa mdomo. Mwanangu, mtu wa mezani hataweza. Atachanganya, na tutakuwa tumefungua mlango wa ugomvi mpya. Ninachopendekeza ni hiki: dakika mbili za mwisho tu, yule mtu wa tatu wa mezani ashike stopuochi yake ya pekee. Timu ikipata mpira, anabonyeza. Zikibaki kumi, anapaza sauti, "Kumi!" Zikibaki tano anahesabu hadi moja kwa sauti ya kusikika uwanja mzima. Mpira ukigusa chuma na timu hiyo hiyo ikaupata tena, anaanza upya kutoka 14, kama kanuni inavyosema. Kwa dakika mbili mtu anaweza kufanya hivyo vizuri. Tumejaribu mara tatu kwenye mazoezi ya Jumatano na ilikwenda.

Sehemu za sekunde tusibishanie. Kanuni inasema mtu anahitaji angalau sekunde 0.3 ili audake mpira na kuurusha; chini ya hapo ni kuupiga kofi tu uingie au kuudanki, yaani kuusindilia kikapuni kwa mkono, moja kwa moja. NBA waliiweka baada ya mchezo wa New York na Chicago mwaka 1990, ambapo Trent Tucker alidaka na kurusha zikiwa zimebaki 0.1 na kikapu kikakubaliwa. Sisi tuna kidole cha binadamu na filimbi. Mwamuzi akisema mpira ulikuwa umeshauacha mkono, umeuacha.

Yote haya, ndugu zangu, yaandikwe. Mali bila daftari huisha bila habari. Karatasi moja, mbele na nyuma, ibandikwe kwenye meza kwa gundi, na kila kapteni aisome kabla mpira haujarushwa katikati. Msimu uliopita tulikuwa na kanuni tatu za saa, moja kichwani mwangu, moja kichwani mwa mwamuzi, na moja kwa yule anayepiga kelele zaidi.

Yule kapteni wa zile sekunde tisa yupo hapa leo, amekaa mstari wa pili. Nilimwomba ruhusa kabla ya kusimulia. Kaka, siwezi kukurudishia mchezo ule. Nimekuja na stopuochi mbili, zile za kamba ya shingoni, vitufe vyake ni vikubwa na haziwezi kupigiwa simu. Nimezinunua kwa fedha yangu na ni mali ya ligi kuanzia sasa.

Karatasi ya majina iko hapa mbele. Kila timu iandike watu wawili watakaojifunza kukaa mezani, na wasiwe wale wale mnaowaona hawajui kucheza. Leteni watu makini. Jumamosi ijayo saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, tunakutana uwanjani. Tutaingiza mpira kutoka pembeni mara hamsini, na kila mmoja atabonyeza.